Shule Bila Jiwe la Msingi

Ukitaka kujua nchi inamchukuliaje mwanafunzi, hotuba za Wizara hazitakusaidia sana. Angalia paa la darasa lake. Turkana kuna madarasa ambayo paa ni mabati matupu, dari hakuna, na ikifika saa nane mchana mwalimu anahamishia somo chini ya mti. Lodwar joto hupita nyuzi 35 karibu kila mwezi wa mwaka. Kusema kweli, mti unamshinda mkandarasi.

Sina digrii ya usanifu majengo ya kukutishia nayo. Chuo chenyewe niliacha. Lakini jengo la shule tunaweza kulisoma wote, maana wote tumewahi kufungiwa ndani yake. Na ninavyozisoma shule za sekondari za Lodwar na Kakuma, naona makosa mawili. La kwanza, zimejengwa kwa ramani ya watu waliokuwa wakikimbia baridi. La pili, zile za kambini zimejengwa kana kwamba mwanafunzi yuko njiani kuondoka. Makosa haya hayafanani, na dawa zake hazifanani.

Tuanze na ramani. Winchester ilianzishwa 1382, Eton 1440. Ua wa mraba katikati, kanisa, ukumbi wa kulia, mabweni. Kuta nene zinakinga upepo, madirisha yanatafuta kajua kadogo ka Uingereza. Karne ya 19, Thomas Arnold akiwa mkuu wa shule ya Rugby, akawapa viranja nguvu na kuifanya shule ya bweni kiwanda cha kutengeneza watawala. Dola ilipotoka nje, ilibeba kiwanda chake. Mwaka 1931 ilifunguliwa Prince of Wales School pale Nairobi, kwa ajili ya wavulana wa kizungu peke yao, na mchoraji wake alikuwa Herbert Baker, yuleyule aliyechora majengo ya serikali kule Pretoria na New Delhi. Leo tunaiita Nairobi School. Ukipita pale Julai, na ile baridi yetu ya jaketi mbili, unaweza hata kuielewa ramani ile.

Shida ilianza pale nakala zilipotolewa kwa bei rahisi. Ondoa matao, ondoa mawe ya kuchonga, ondoa bustani. Ubaki na mstari wa vyumba vya pembe nne, mabati juu, mlingoti wa bendera katikati, kengele ya rimu la gari. Hiyo ndiyo shule ya sekondari unayoijua wewe, iwe Nyeri, iwe Kwale, iwe Lodwar. Hali ya hewa haikuulizwa.

Turkana ilichelewa kuipata hata hiyo nakala. Wakati wa ukoloni eneo zima lilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia ulihitaji kibali. Serikali ililitumia kama gereza lisilohitaji ukuta: Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, na 1959 yeye akahamishiwa kizuizini Lodwar mpaka 1961. Mwaka huohuo wa 1961 kulikuwa na njaa kali, na wamisionari Wakatoliki wakaja na chakula, halafu zahanati, halafu shule. Uhuru ulipofika, Waraka Nambari 10 wa 1965 ukasema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende kule kwenye mvua na rutuba, ambako zingezaa haraka. Kaskazini isubiri. Kwa hiyo ukiona darasa lililojengwa kwa haraka Lodwar, usifikirie ni ufukara wa juzi. Ni sera iliyomwagwa zege.

Sasa linganisha na namna Waturkana wenyewe wanavyojenga. Ndani ya awi, yaani boma, kuna akai na kuna ekol. Akai ni kibanda cha usiku, kimefunikwa vizuri. Ekol ni cha mchana: kivuli, upepo unapita. Majengo mawili kwa nyakati mbili za siku. Ukishajua hilo, darasa la mabati linaonekana lilivyo: ni chumba cha usiku kinachotumika mchana. Na watoto wa watu waliolijua jambo hili tangu zamani ndio wanaokaa ndani wakitokwa jasho juu ya karatasi ya mtihani, tena mtihani wa Kiingereza, na mwisho wa mwaka tunauliza mbona kaunti haifanyi vizuri.

Hapo wengine watasema basi tufutilie mbali shule yote ya Kiingereza, bweni na kila kitu. Mimi sifiki huko. Bweni lilibuniwa kwa ajili ya vijana wa Uingereza ambao wazazi wao walikuwa na nyumba kubwa tu, ila hawakutaka kuwalea. Turkana limepata maana ambayo Arnold hakuiota. Familia ya wafugaji inahama; mtoto wa shule ya kutwa ama anaacha mifugo ama anaacha shule. Bweni linampa mahali pasipohama. Kambini nako, msichana anayelala shuleni ana taa usiku, na hakuna anayemtuma foleni ya maji wakati wenzake wa kiume wanasoma. Sehemu ya ile shule inayolaumiwa kuliko zote kumbe ndiyo inayofanya kazi. Kinachostahili kutupwa ni paa, pamoja na kile kiburi cha kutouliza upepo unatoka wapi.

Twende Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar. Kambi ilifunguliwa 1992, maelfu ya wavulana wa Sudan walipofika kwa miguu baada ya kufukuzwa na vita, kwanza kwao, halafu Ethiopia. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu zaidi ya laki mbili. Shule zinafuata mtaala wa Kenya na watahiniwa wanafanya KCSE kama wewe ulivyofanya. Lakini kwa miaka mingi ruhusa ya kujenga kitu cha kudumu ilikuwa ngumu, kwa sababu kambi, kwa jina lake, ni ya muda. Muda gani? Mtoto aliyezaliwa siku kambi inafunguliwa sasa ana zaidi ya miaka 30.

Soma majina ya shule za msingi pale: Fashoda, Jebel Marra, Mogadishu. Hayo majina yanakumbuka nyumbani. Halafu kuna majina ya upande wa pili. Kuna shule ya msingi ya wasichana inayoitwa Angelina Jolie, na kuna sekondari ya bweni ya wasichana inayoitwa Morneau Shepell, jina la kampuni ya Kanada iliyosaidia kuigharamia. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilibadilisha jina ikawa LifeWorks, na 2022 ikanunuliwa na Telus. Jina limestaafu Toronto, Kakuma bado linavaliwa kwenye sweta. Sicheki msaada, wasichana wamesoma pale na wamefaulu. Nasema tu kwamba shule kongwe za Nairobi zina jiwe la msingi na ubao wa majina ya wanafunzi wake bora, wakati langoni kwa shule ya kambi kuna ubao wa nembo za wafadhili. Hadithi inayotunzwa ni ya aliyetoa pesa. Aliyekaa darasani hana ukuta wa kuandikwa. Na si kwamba majina hayapo: timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio 2016, ilikuwa na wanariadha 10, na watano walitoka Kakuma.

Je, kujenga vizuri Turkana kunawezekana? Kuna jibu la zege na mawe hapo Loropio, kando ya Ziwa Turkana. Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyeanza na shule ya msingi ya kijijini kwao Gando mwaka 2001, alichora kampasi ya teknolojia ya Startup Lions, ikakamilika 2021. Mwaka uliofuata akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker. Minara yake mirefu imeiga vichuguu vya mchwa vya hukohuko: hewa ya moto inapanda na kutokea juu, hewa baridi inaingia kupitia matundu ya chini. Picha zake zimezunguka dunia, na mimi hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Jengo moja linalopendeza kwenye simu linaweza kutufanya tusahau mamia ambayo hakuna anayeyapiga picha. Tena ile ni kampasi ya vijana wachache, si sekondari ya kata.

Lakini wazo lenyewe halihitaji tuzo. Inua paa liache nafasi juu ya ukuta. Weka dari. Toboa matundu juu na chini. Panua kivuli nje, fundisha huko asubuhi, kama ekol. Mchwa hawakusomea popote, na fundi wa Lodwar anaweza kuyafanya haya yote akiandikiwa kwenye zabuni.

Na wakati ndio huu. Aprili 2021 serikali ilitangaza kwamba kambi zingefungwa kufikia Juni 2022. Hazikufungwa. Mwaka 2025 ikazindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma pamoja. Ukisoma mpango wowote wa aina hiyo, ruka kurasa za mwanzo, nenda moja kwa moja kwenye bajeti ya shule. Kama wanajenga kwa mawe, wanamaanisha. Kama bado ni mahema na mabati, basi neno "mji" ni jina jipya kwenye lango lilelile, na mwanafunzi wa Kakuma atakuwa ameambiwa tena, safari hii kwa lugha tamu, kwamba asizoee.