Tovuti ya Chuo Kikuu kama Hifadhi ya Tasnifu za Kiswahili: Uhakiki wa Kasi, Ufikivu na Usalama kwa Jicho la Msomaji wa Kahama

1.0 Utangulizi

Kwa kawaida tovuti ya chuo kikuu huhakikiwa na mafundi, nao huuliza kama seva inafanya kazi. Makala hii inaihakiki kama matini, na inauliza nani anaisoma na kwa gharama gani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kilijengwa juu ya wazo kwamba elimu imfuate mwanafunzi mahali alipo. Leo sehemu kubwa ya wazo hilo inabebwa na tovuti. Kahama, mji wa mkoa wa Shinyanga uliokuzwa na biashara pamoja na dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi, upo karibu kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Kwa mwalimu wa sekondari wa Kahama anayetafiti nyimbo za Wasukuma, hifadhi ya tasnifu iliyomo katika tovuti ndiyo maktaba yenyewe.

Hoja kuu ya makala hii ni kwamba sehemu kubwa ya kasi, ufikivu na usalama wa hifadhi hiyo huamuliwa kabla fundi hajaigusa tasnifu, yaani siku faili linapoandaliwa na kupokelewa. Kwa sababu hiyo, msimamizi na mtahini nao ni watunzaji wa tovuti.

2.0 Kasi

Tuchukue mfano wa tasnifu yenye kurasa 200. Ikiwa kila ukurasa umeskaniwa kama picha yenye uzito wa kilobaiti 300, faili zima hufikia megabaiti 60. Kwa mtandao wa megabiti moja kwa sekunde, faili hilo hupakuliwa kwa dakika 8, mradi mtandao usikatike. Tasnifu hiyohiyo ikihifadhiwa moja kwa moja kutoka katika programu ya uandishi, ikawa na megabaiti 2, hupakuliwa kwa sekunde 16. Tofauti hiyo haiondolewi kwa kununua seva kubwa zaidi. Aidha, msomaji anayetumia kifurushi cha simu huilipia kila megabaiti, hata ile isiyoongeza neno lolote katika maarifa yake.

Chanzo cha faili zito si kigumu kukitambua. Kurasa za ithibati na tamko huhitaji saini. Basi tasnifu nzima huchapwa, hutiwa saini, hujalidiwa, kisha huskaniwa kuanzia jalada hadi kiambatisho cha mwisho. Kurasa mbili huponza kurasa mia mbili.

Upo pia utegemezi usioonekana kwa macho. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Ukurasa uliohifadhiwa nchini, lakini unaoagiza mitindo ya herufi na vipande vya programu kutoka seva za ng'ambo, hukwama pamoja na mikongo hiyo. Vitu hivyo vikiwekwa katika seva ya chuo yenyewe, ukurasa hupata nafasi kubwa zaidi ya kufunguka.

3.0 Ufikivu

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, ambao toleo lake la 2.2 lilitolewa Oktoba 2023, unasimama juu ya misingi minne: maudhui yaweze kutambulika kwa hisi, yaweze kutumika, yaeleweke, na yahimili vifaa mbalimbali. Tasnifu iliyoskaniwa kama picha huanguka katika msingi wa kwanza. Jicho huona maneno, lakini kompyuta huona picha tu. Mtafiti asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini hasikii kitu, na mwenye uoni hafifu akikuza ukurasa huona herufi zikififia.

Hasara hiyo haiishii kwa wenye ulemavu. Mwalimu wetu wa Kahama akitafuta ndani ya faili majina ya Bagika na Bagalu, makundi mawili makongwe ya ngoma za Usukumani, hapati jibu hata kama majina hayo yametajwa katika kila sura. Nyimbo zilizokusanywa vijijini mwake zimehifadhiwa mbali, na zikirejea kwake zinarejea kama picha isiyojibu swali.

Kiswahili nacho kina dai lake. Kisoma skrini cha NVDA, kinachotolewa bila malipo, hutumia sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Hata hivyo, ukurasa au faili lililotambulishwa kuwa la Kiingereza huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na ikisiri nzuri ikageuka kelele. Kutambulisha lugha ya faili ni kazi ya dakika moja. Tasnifu inayotetea hadhi ya Kiswahili, huku faili lake likijitambulisha kuwa la Kiingereza, inajipinga yenyewe.

4.0 Usalama

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kidijitali huoza. Tangu Septemba 2020, vivinjari vikuu vilikataa vyeti vipya vya usalama vyenye muda unaozidi siku 398. Hivyo, chuo kikisahau kuhuisha cheti, msomaji hupokelewa na onyo la hatari badala ya tasnifu. Programu isiyosasishwa huacha mlango wazi kwa wavamizi, na nakala rudufu ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ni matumaini tu. Kazi hizi ni za fundi, nazo zinahitaji bajeti ya kila mwaka. Bajeti ya uzinduzi pekee haitoshi.

Lakini upo usalama ambao fundi hawezi kuulinda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia watoa taarifa wa tafiti zetu. Kiambatisho chenye majina, umri na namba za simu za wachimbaji wadogo waliohojiwa kikipandishwa mtandaoni, siri yao imetolewa na mtafiti mwenyewe kupitia mlango halali. Hakuna nywila inayoweza kuziba tundu hilo.

5.0 Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba mtahini ana jukumu la kupima nadharia, mbinu na uchambuzi, na kwamba mambo ya faili ni ya wakutubi. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu iwapo tasnifu ingebaki kabatini. Hifadhi huria imebadili maana ya kuwasilisha tasnifu, kwani kuwasilisha sasa ni kuchapisha. Mtahini hurudisha kazi kwa sababu ya pambizo na nafasi kati ya mistari. Anaweza pia kuirudisha kwa sababu maandishi yake hayatafutiki, lugha yake haikutambulishwa, au viambatisho vyake vinaanika watoa taarifa. Kurasa zenye saini ziskaniwe peke yake na kubaki katika kumbukumbu za chuo, nayo matini ipandishwe kama matini. Hapo ndipo mwalimu wa Kahama atakapoweza kuisoma, kuinukuu na hata kuipinga tasnifu iliyoandikwa juu ya nyimbo za kwao.