Wasikilizaji wa Samaritans

Kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 29 duniani, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021. Miongoni mwa waliotangulia kulikabili janga hili, wasikilizaji wa kujitolea wa Samaritans, huduma ya kuwasikiliza kwa simu wenye mawazo ya kujiua nchini Uingereza, wanastahili pongezi.

Huduma hiyo ilianzishwa na kasisi Chad Varah mwaka 1953, katika kanisa la St Stephen Walbrook, London. Mwaka 1935 Varah alikuwa amemzika binti wa miaka 14 aliyejiua kwa kudhani hedhi yake ya kwanza ni maradhi. Binti huyo hakuwa na wa kumuuliza. Huduma ilipoanza, watu walipofika kumwona kasisi, wasaidizi wake waliwapa chai na kuwasikiliza wakingoja zamu. Wengi walitua mzigo hapo hapo, wasihitaji tena kumwona. Februari 1954 Varah akawakabidhi wasaidizi hao kazi yenyewe.

Ustadi wao ni kusikiliza bila kuhukumu wala kuhubiri, na kutunza siri. Humuuliza mpigaji simu waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halipandikizi wazo. Badala yake, swali humfungulia njia ya kusema. Kijana anayejiumiza mwili ili kutuliza uchungu wa moyo hupokewa vivyo hivyo. Simu hupokelewa usiku na mchana, bila malipo. Nchini Kenya, kazi ya namna hiyo hufanywa na Befrienders Kenya.