Kabureta Inayoijua Gisenyi

Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kila injini ndogo inayofika Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ufukweni mwake, hukutana na jambo hilo. Pikipiki, jenereta, pampu ya maji, mashine ya kusaga: nyingi zimetoka kiwandani zikiwa zimepimiwa hewa nzito ya nchi za chini. Honda wanaeleza katika kitabu cha maelekezo ya injini zao za GX kwamba nguvu hupungua kwa asilimia 3.5 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Piga hesabu, utaona kwamba hapa ufukweni, kabla hujaugusa mlima hata mmoja, karibu asilimia 17 imeshakwenda. Na hasara haikomi hapo. Hewa imepungua, lakini tundu linalopitisha petroli ndani ya kabureta ni lile lile, kwa hiyo mafuta yanaizidi hewa. Mlio unakuwa mzito, bomba linatoa moshi mweusi, plagi inajaa masizi, na tangi linakauka mapema.

Wengi huishi na injini ya namna hiyo miaka nenda miaka rudi wakiamini ndivyo ilivyoumbwa. Wako wachache wasiokubali, na hao ndio ninaotaka kuwasifu. Mchana wana kazi nyingine. Mmoja anauza mitumba karibu na mpaka, mwingine ni karani, mwingine anapika hotelini. Jioni, na hasa Jumamosi, wanaburuta meza uani, wanatandika gunia, wanafungua injini. Hawana kibao barabarani wala bei ukutani. Wanafungua kwa sababu kuna kitu ndani hakijawaridhisha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo siku yao kubwa. Asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii: mji mzima uko kwenye mifereji na barabara, na hadi saa tano karibu hakuna gari linalopita. Baada ya mkutano wa mtaa watu wananawa, wanakula, halafu unaanza kusikia kutoka nyua mbalimbali kitu kikipigwa teke mara tatu, mara nne, kikishika, kikizima. Ukiufuata mlio huo utafika kwenye meza ya mbao za makasha, yenye spana namba 8, 10, 12 na 14 zilizopangwa kwa ukubwa, sufuria kuukuu la kuoshea vipuri, mswaki uliochakaa, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa boliti na nati. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na nadhani hakuna waliofaidika na utaratibu huo kimyakimya kama watu hawa: kopo la bati halipasuki, wala halifichi kilichomo.

Mtaani kwetu yuko mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye ua wake sijaupita bila kusimama. Siku moja aliingia motari kijana, dereva wa pikipiki ya abiria, akiisukuma pikipiki yake kwa mkono.

"Jambo, Mwalimu."

"Jambo sana, kijana wangu. Leo ina nini?"

"Inakula lisansi, halafu bujia zinakufa. Hii nimeiweka juzi tu."

Mwalimu aliichomoa bujia, yaani plagi, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi tititi, na weusi wenyewe mkavu, unaotoka kwa kidole. "Bujia haina kosa," alisema. "Keti."

Akafunga koki ya petroli, akafungua kabureta, akatoa zile skrubu za kikombe cha chini na kuziweka kwenye kopo moja baada ya nyingine. Boya lilikuwa zima. Akafungua jeti kuu, kipande cha shaba ya njano kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, akakishika kati ya vidole viwili, akafumba jicho moja na kuchungulia angani kupitia tundu lake. Tundu hilo halifiki milimita moja. Lilikuwa safi, ila pembeni lilikuwa na mkwaruzo mdogo unaong'aa. Mtu alikuwa ameshalizibua kwa waya wa chuma. Mwalimu alimwonyesha kijana mkwaruzo ule bila kusema neno la lawama, kisha akamweleza: chuma ni kigumu kuliko shaba, na ukilikwaruza tundu la namna hii kwa unywele tu, umetengeneza tundu jingine, kubwa kuliko la kwanza. Yeye hutumia uzi mmoja wa nailoni uliong'olewa kwenye brashi, au pumzi ya pampu ya baiskeli.

Kwenye kopo alikuwa na jeti nyingine, zilizotoka kwenye kabureta zilizokufa, kila moja na namba yake. Akachagua iliyo ndogo kwa hatua moja. Kisha akaitoa sindano, akakihamisha kibanio chake mfuo mmoja juu, ili sindano ishuke na kuubana zaidi mlango wa mafuta. Mambo mawili tu. Kijana akapiga teke, ikashika, na mlio ukawa mwingine kabisa, mkavu, unaopokea mkono mara unapoufungua.

Ningekuwa fundi wa barabarani ningemaliza hapo na kudai haki yangu. Mwalimu alimtuma kijana apande barabara ya Musanze, ile inayotoka ziwani na kupita juu ya mita 2,000, afungue mafuta yote mlimani, halafu azime injini ghafla akiwa amekamata klachi, asimame, achomoe plagi aitazame hapo hapo. Plagi iliyozimwa hivyo hubaki na rangi ya kazi iliyokuwa ikifanya wakati huo. Akienda taratibu kwanza na kuiacha injini ingurume, rangi inafutika na ushahidi unapotea. Kijana alirudi baada ya saa nzima akicheka, plagi mkononi, hudhurungi hafifu kwenye kauri yake.

Siwabezi mafundi wa barabarani. Motari anatakiwa kupeleka hesabu jioni, kila saa anayokaa gereji ni abiria aliyempita, na fundi mwenye wateja sita waliosimama juani hana budi kubadilisha plagi na kumwachia aende. Kazi yake ni kuirudisha pikipiki barabarani, na anaifanya vizuri. Lakini swali la kwa nini plagi inakufa linahitaji muda usiouzwa. Linaweza kukaa mezani wiki mbili likifunikwa gunia usiku. Uani ndiko muda wa namna hiyo unakopatikana, na ndiyo maana ninaamini kwamba ujuzi mwingi wa mji huu juu ya injini zake umezaliwa kwa watu ambao hakuna aliyewalipa kuutafuta.

Ujuzi huo una ukoo mrefu kuliko pikipiki. Sambaza, wale samaki wadogo ambao Gisenyi haiwezi kufikiriwa bila wao, waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na huvuliwa usiku kwa mwanga. Kabla ya taa za betri na sola, mwanga huo ulikuwa wa karabai, ikining'inia juu ya maji kati ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Karabai ni shule ya kabureta. Ina tangi, ina pampu, ina tundu jembamba linaloziba, ina mafuta yanayotakiwa kukutana na hewa kwa kipimo, na ikikosea inatoa masizi. Mvuvi aliyeweza kuizibua gizani, mtumbwi ukiyumba, hakuwa mgeni mbele ya injini ya kwanza aliyoifungua. Baadhi ya mikono mitulivu zaidi niliyoiona ikishika jeti ni ya wazee waliozeeka na karabai.

Hewa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni vumbi. Volkano ya Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na kabla ya hapo mara zisizohesabika, na udongo wetu mwingi ni lava iliyosagika. Kiangazi, kuanzia Juni, vumbi jeusi linakaa juu ya kila kitu. Ukilisugua kati ya vidole utasikia kwamba lina meno. Likipita kwenye chujio la hewa linachanganyika na oili, na tangu hapo injini inajisaga yenyewe kila inapozunguka. Ringi zinalika, silinda inapanuka, oili inapanda juu na kuungua, moshi unageuka wa buluu. Watu wa uani wamejifunza kuosha chujio la sponji kwa sabuni, kulikausha kivulini, kulipaka oili kidogo na kulikamua hadi libaki na unyevu tu, kwa sababu sponji kavu inalipitisha vumbi hili. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa. Nimeona jenereta iliyofanyiwa hivyo bila kukosa, mwenyewe akiziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kuvuta kamba, na kidole kikasukumwa nje kwa nguvu ya injini mpya.

Halafu kulikuja maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na katika magharibi na kaskazini mwa Rwanda walifariki zaidi ya watu 130. Mbele ya vifo hivyo mashine ni jambo dogo. Lakini waliobaki walikuwa na pikipiki, pampu na mashine za kusaga zilizolala chini ya tope, na ndizo zilikuwa riziki yao. Jambo la kwanza ambalo mwenye injini iliyozama hutaka kufanya ni kujaribu kama itawaka, na ndilo linaloiua. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta ndani ya silinda inagoma, na mkono wake unaweza kupinda. Siku zile watu wa uani walizunguka wakisema neno moja: usipige teke. Chomoa plagi kwanza, ilaze, maji yatoke. Fungua oili. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ikamwagwa, ikawekwa nyingine, injini ikazungushwa kwa mkono, ikamwagwa tena, hadi itoke safi. Hakuna aliyetozwa. Injini zilizopona siku zile zilipona kwa maarifa yaliyokusanywa jioni moja moja, kwa miaka, na watu waliokuwa wakijifurahisha.

Ipo hadithi ya kweli ninayoipenda kuhusu mtu wa aina hii, wa mbali sana na hapa. Burt Munro, wa mji wa Invercargill huko New Zealand, alinunua pikipiki ya Indian Scout mwaka 1920 na hakuacha kuibadilisha maisha yake yote. Aliyeyusha madini na kumimina pistoni zake mwenyewe nyumbani. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliipeleka kwenye tambarare ya chumvi ya Bonneville, Marekani, ikaweka rekodi ya karibu kilomita 296 kwa saa. Kasi hiyo inastahili heshima, lakini kinachonigusa zaidi ni rafu aliyokuwa nayo bandani mwake, imejaa vipuri vilivyovunjika, vimehifadhiwa kwa heshima. Mwalimu naye ana rafu kama hiyo. Kuna pistoni iliyotoboka katikati, valvu iliyoungua ukingo, beringi iliyosagwa na mchanga. Watoto wa mtaa wanaifahamu kipande kwa kipande, na ukiwauliza valvu ile iliungua kwa nini, watakueleza kuhusu nafasi iliyobanwa mno hadi valvu haikuweza kufunga vizuri na kutoa joto lake. Hilo ni somo la fizikia, na wamelipokea kwa kulishika.

Ninavutiwa pia na jinsi somo hilo lilivyo moja katika ukubwa wowote. Huko Karongi, kusini mwetu kando ya ziwa hili hili, mitambo ya KivuWatt huchoma methani inayotolewa kilindini na tangu 2016 inazalisha megawati 26 kwa injini kubwa za gesi. Mtoto aliyeielewa jenereta ya uani, kwamba injini inavuta, inabana, inaripuka, inatoa, ameshaushika ufunguo wa mlango ule.

Kuna jambo moja tu ambalo sitaki lipite bila kusemwa kwa uzito. Oili chafu isimwagwe mferejini. Mteremko wetu wote unaelekea ziwani, na ziwani ndiko kuna sambaza. Walio makini wanaikusanya kwenye dumu, wanaipaka kwenye mbao za uzio dhidi ya mchwa na kwenye minyororo. Mtu anayejali milimita moja ya shaba anaweza kujali lita moja ya oili.

Sasa umeme unakuja. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kubeba abiria, na zamu ya miji mingine itafika. Nalipokea hilo kwa moyo mmoja, kwa sababu mota ya umeme haivuti hewa: zile asilimia 17 tulizokuwa tukizipoteza hapa ufukweni inatupa zote. Wasiwasi wangu uko kwenye betri. Katika mpango unaoenea, betri ni mali ya kampuni, dereva anabadilishiwa kituoni, na kisanduku kimefungwa kwa namna isiyomkaribisha mtu kuchungulia. Kuna sababu nzuri za usalama. Lakini kizazi kitakachokua bila kitu cha kufungua uani kitakuwa kizazi cha kubadilishiwa tu, na ningetamani wanaotunga sheria na wanaotengeneza pikipiki hizo wawaachie watu sehemu za kushika: mota, waya, beringi, breki, na michoro ya kueleza kila kimoja.

Vijana wawili wa mtaa wetu hawajasubiri ruhusa. Wamepata mota iliyoungua, wameukata waya wote uliokuwa umekaangika, wamehesabu mizunguko ya kila koili na kuiandika kwenye daftari la shule, na sasa wanaisuka upya kwa mkono kwenye meza ya Mwalimu. Yeye amewapa kazi ya kupima upinzani wa kila koili kabla ya kuhamia inayofuata. Seti ya kwanza imekubali, ya pili imetofautiana nayo, na wamekubaliana kuifumua yote na kuanza kuhesabu tena.