Muziki Ulitangulia, Kamera Ikafuata

Filamu ya Once Upon a Time in the West inaanza kwa takriban dakika 10 zisizo na muziki wowote. Wanaume watatu wenye bunduki wanasubiri treni kwenye kituo kilichojitenga jangwani. Kinu cha upepo ambacho hakijatiwa mafuta kinalia kila kinapozunguka. Maji yanadondoka kwenye kofia ya mmoja wao, Woody Strode, naye hajisumbui kusogea. Mwingine anajialisha vidole, kimoja baada ya kingine. Wa tatu, Jack Elam, anasumbuliwa na nzi anayemtambaa usoni. Anampuliza kwa pembe ya mdomo, nzi anarudi, anampuliza tena, mpaka hatimaye anamnasa ndani ya mtutu wa bastola na kuusogeza sikioni ili amsikilize akivuma humo ndani.

Nimeirudia filamu hii ya mwaka 1968 majuzi, safari hii nikiwa na spika za masikioni, na tangu hapo nimekuwa nikiwaza jinsi ilivyotengenezwa. Mwongozaji ni Sergio Leone, mtunzi wa muziki ni Ennio Morricone, wote Waitaliano, tena waliwahi kusoma darasa moja utotoni mjini Roma. Kwa kawaida filamu hupigwa picha kwanza, ikahaririwa, ndipo mtunzi akakabidhiwa kazi iliyokwisha ili atafute sauti za kuivika. Hawa waliugeuza utaratibu huo. Morricone alitunga mahadhi makuu na kuyarekodi kabla ya kamera kuanza kazi, na Leone akawa anayapiga pale pale uwanjani huku waigizaji wakiigiza. Mwendo wa mtu, muda anaokaa akimtazama adui yake, namna anavyogeuza shingo, vyote vilipimwa kwa muziki ambao tayari ulikuwa unasikika hewani.

Kwa nini basi mwanzo hauna muziki? Kwa sababu kelele zenyewe zimepangwa kama ala. Morricone alikuwa mwanachama wa Nuova Consonanza, kundi la Roma lililokuwa likitafuta muziki ndani ya milio ambayo watu wengi huiita makelele tu, kwa hiyo alijua fika mlio wa kinu unaweza kubeba nini. Sikiliza kwa makini. Kinu kinashika mapigo, marefu na ya kujirudia. Matone ya maji ni mafupi na yako karibu. Mashine ya simu ya upepo inagonga haraka haraka, mpaka Elam anapochoka nayo na kuzing'oa nyaya zake. Hapo ndipo sikio linapogundua kwamba ule mlio wa haraka ulikuwa na nafasi yake, maana umeacha pengo. Kisha treni inaingia na kufunika kila kitu. Inapoondoka, ng'ambo ya reli inasikika harmonika. Noti ya kwanza ya muziki katika filamu nzima imepulizwa na mhusika aliyesimama mbele yetu, Charles Bronson, ambaye jina lake hatutaambiwa kamwe.

Nilipokuwa nikitazama sehemu hiyo niliwakumbuka watafsiri wetu wa filamu, marehemu Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, waliowafanya watu wajae kwenye vibanda vya video kwa maneno yao. Nawaheshimu sana kama wasanii. Lakini hapa ningeomba mtafsiri anyamaze, kwa kuwa masimulizi yenyewe yamo ndani ya hizo kelele.

Mauaji ya familia ya McBain yamejengwa kwa mbinu iyo hiyo, ila kwa kupunguza badala ya kuongeza. Baba na watoto wanaandaa meza nje ya nyumba kumpokea mama mpya. Nyenje wanalia porini. Ghafla wananyamaza. Baba anainua kichwa, nyenje wanaanza tena, naye anaendelea na shughuli zake. Wananyamaza mara ya pili, na sasa ni risasi. Mtoto mdogo wa kiume anatoka mbio ndani ya nyumba, anasimama mlangoni, na wakati huo huo gitaa la umeme linalokwaruza linapasua kimya chote. Wauaji wanajitokeza vichakani. Kamera inamzunguka kiongozi wao polepole mpaka tunaiona sura yake: ni Henry Fonda.

Mtazamaji wa 1968 alimjua Fonda kama stelingi. Alikuwa ameigiza Abraham Lincoln akiwa kijana, na akawa yule mzee wa baraza mwenye msimamo katika 12 Angry Men. Sasa macho yale yale ya buluu yanamtazama mtoto kabla ya kumfyatulia risasi. Mlio wa risasi unaungana na ukelele wa treni katika tukio linalofuata, bila hata nukta ya kupumua kati yake.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha Jill, aliyeigizwa na Claudia Cardinale. Ameshuka kwenye treni akitokea New Orleans, anamsubiri mume wake, yule baba McBain, bila kujua kwamba ameshauawa. Jukwaa la kituo linabaki tupu. Mahadhi yake yanaanza kwa sauti ya chini sana wakati anapokata tamaa na kuelekea ofisi ya kituo. Kamera haiingii naye. Inabaki nje, ikimwona kupitia dirishani akiuliza njia, na anapotoka kwa mlango wa upande wa pili, kamera iliyofungwa kwenye winchi inaanza kupanda. Inaupita ukuta, inaupita ukingo wa paa, na sauti ya Edda Dell'Orso, isiyo na neno hata moja, inapanda pamoja nayo. Okestra yote inafunguka pale tu mji mzima unapotokea upande wa pili, na mikokoteni, vumbi na majengo ambayo bado yanajengwa. Mji huo ulijengwa Uhispania, katika mkoa wa Granada. Nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi bila picha, nao ni mzuri hata hivyo. Lakini ukiusikiliza peke yake huwezi kujua kwamba ile sauti ya juu kabisa ilikuwa na mahali pake, na mahali hapo ni juu ya paa.

Ambaye hajaitazama filamu na aruke aya hii. Mahadhi ya harmonika ni noti chache zinazokwaruzana, zinavutwa na kusukumwa kama pumzi ya mtu mgonjwa. Kwa zaidi ya saa mbili tunadhani ni mapambo ya mtu wa ajabu. Katika pambano la mwisho tunaonyeshwa alikozitoa: akiwa kijana mdogo amefungwa mikono, kaka yake amesimama mabegani mwake na kitanzi shingoni, na Frank, ambaye ni yule Fonda, akaisukumiza harmonika mdomoni mwake. Mlio ule ni pumzi ya mtoto anayelemewa na uzito wa kaka yake. Ndiyo maana harmonika na gitaa la Frank zimo katika mahadhi mamoja tangu siku ya mauaji ya akina McBain. Morricone alikwishatuambia kwamba watu hawa wawili wana deni la damu, ila hatukuwa na ufunguo wa kuielewa lugha yake.

Tajiri wa reli, Morton, naye amepewa sauti ya mawimbi. Ni mgonjwa anayetamani kuifikisha reli yake Bahari ya Pasifiki kabla hajafa, na ndani ya behewa lake ametundika picha ya bahari. Anakufa akitambaa kuelekea dimbwi la maji ya matope, na masikioni tunasikia bahari.

Katika filamu zetu nyingi kinanda cha kielektroniki huanza dakika ya kwanza na hakinyamazi: mtu akilia kinalia, akifungua mlango kinalia. Kimya hakigharimu chochote, na nyenje wanapatikana kila kijiji. Mwongozaji mwenye kamera ya simu anaweza kumwendea mpiga gitaa au mpiga kanuni wa mtaani kwao miezi mitatu kabla, akarekodi mahadhi mawili, akayapiga wakati wa mazoezi na kuona miguu ya waigizaji wake itafanya nini. Ningependa sana kuiona filamu ya namna hiyo.

Tukirudi kwenye filamu yenyewe, mahadhi ya jambazi Cheyenne peke yake ndiyo yaliyonichosha kidogo, yale ya banjo na mluzi, kwa sababu kila yanaporudi yanasema jambo lile lile. Leone na Morricone waliurudia utaratibu huu katika Once Upon a Time in America ya mwaka 1984, ambayo muziki wake ulikuwa tayari muda mrefu kabla ya kamera kuwashwa. Hiyo ndiyo inayofuata kwangu, na nitaanza kwa kuusikiliza muziki wake wote kabla ya kutazama picha.