Kidole Kikisita, Kimesema Nini?

Mwaka 1998 Anthony Greenwald na wenzake wawili walichapisha kipimo cha upendeleo kisichomuuliza mtu anawaonaje wengine. Kinamwacha abonyeze vitufe tu, halafu kinahesabu milisekunde. Wengi wanakijua kwa kifupi chake, IAT.

Skrini inaonyesha uso au neno, na mpimwaji analipanga upesi: kitufe cha E kwa kushoto, I kwa kulia. Raundi moja, E ni ya nyuso za Wazungu pamoja na maneno mazuri, I ni ya nyuso za Weusi pamoja na mabaya. Baadaye nyuso zinabadilishana upande. Hapo ndipo vidole vya Wamarekani wengi vinapoanza kusita, hata vya wale wanaoapa kuwa hawabagui.

Ufundi wenyewe uko kwenye hesabu, iliyosukwa upya mwaka 2003. Jibu lililozidi sekunde 10 linatupwa. Aliyejibu zaidi ya asilimia 10 ya maswali chini ya milisekunde 300 anaondolewa kabisa, maana huyo alikuwa anabonyeza tu. Tofauti ya kasi kati ya raundi hizo hugawanywa kwa kiasi ambacho majibu ya mtu huyohuyo yanapanda na kushuka, ili mzee mwenye vidole vizito asionekane mbaguzi kuliko kijana aliyekulia kwenye gemu. Hesabu safi, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni cheti kinachofuata: "upendeleo mkubwa", "mdogo". Mtu yuleyule akirudia kipimo, alama zake zinaweza kuhama kundi. Na uchambuzi wa tafiti nyingi wa mwaka 2013, ulioongozwa na Frederick Oswald, ulikuta alama hizo zinabashiri matendo kwa udhaifu mkubwa. Kumnyima mtu kazi kwa sababu ya alama hizo ni uonevu.

Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan waliacha vidole, wakapima matendo. Walituma CV za kubuni karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikilingana, majina yakitofautiana: mengine yanasikika ya Kizungu, mengine ya Wamarekani Weusi. Kina Emily na Greg waliitwa takriban mara moja kwa kila CV 10. Kina Lakisha na Jamal, moja kwa kila 15. Pengo hilo halihitaji kubashiriwa, limeshatendeka. Lakini kwa kawaida kila tangazo la kazi lilipelekewa CV nne tu, kwa hiyo hata hapa huwezi kumnyooshea kidole meneja mmoja mmoja.