Ushabiki na Usikivu

Mwezi Oktoba mwaka 2021 niliwakuta wajukuu wangu wawili barazani wamenuniana. Chanzo cha ugomvi wao kilikuwa albamu ya Alikiba iitwayo Only One King, ambayo siku ile ilikuwa bado haijatoka. Mmoja alisema kwamba itawafunga watu midomo. Mwenzake, ambaye ni wa upande wa Diamond Platnumz, alisema kwamba haitafika popote. Niliwauliza ni nani kati yao aliyekwisha kuisikia. Walinitazama kama watu walioulizwa swali la kitoto.

Nilitaka kuwakemea, lakini ulimi ukawa mzito. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na mimi nilianza kuliona langu.

Mwaka 1971 nilikuwa mwanachuo wa ualimu mjini Morogoro. Mji ule chini ya milima ya Uluguru ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na bendi mbili zilizougawa katikati. Kulikuwa na Cuban Marimba, bendi ya marehemu Salum Abdallah aliyefariki mwaka 1965, ambayo wakati huo iliongozwa na Juma Kilaza. Na kulikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gita la solo, ambayo mwaka 1970 ilisafiri mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mimi nilikuwa mtu wa Cuban. Mwenzangu wa kitanda cha jirani alikuwa mtu wa Morogoro Jazz. Tulikopeshana sabuni na soksi, ila katika muziki hatukukopeshana hata neno jema.

Wakati huo nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo zilizotakiwa kuuzwa zilifyatuliwa Nairobi, kisha santuri zikaja kwetu kwa safari yake. Kwa hiyo wimbo ulianza kusikika dansini, pengine ukarushwa na Radio Tanzania, na santuri yake ikafuata nyuma sana. Tulisubiri. Kila tuliporuhusiwa kwenda mjini tulipita dukani kuuliza, na mwenye duka alitujibu kwa kutikisa kichwa kabla hatujafungua midomo.

Sasa naomba msomaji aangalie jambo moja ambalo vijana wa leo hawakulikuta. Santuri ile ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kwa kila upande. Wimbo ambao dansini ulichezwa mpaka mashati yakalowa ulipaswa kukatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba maneno. Ukifika mahali patamu sauti inafifia, unanyanyua sindano, unageuza santuri, na upande wa pili unaendelea na magita na ngoma. Sisi tuliokuwa tumeusikia wimbo huo ukumbini tulijua kilichoachwa. Tulibishana usiku kucha: je, ubeti ule uliopunguzwa ulikuwa wa lazima? Gita la Mbaraka, ambalo lilikuwa na tabia ya kumjibu mwimbaji kama mtu anayeitika mazungumzo, limepata nafasi ya kutosha upande wa pili, au limebanwa? Hatukujua kuwa kazi hiyo inaitwa uhakiki. Chuoni tulifundishwa uhakiki wa ushairi kwa vina na mizani, na bwenini tukaufanya bila mwalimu.

Hapo ningeweza kumaliza kwa kusema kwamba zamani tulisikiliza na leo watu wanapiga kelele. Nimesoma makala nyingi za wazee wenzangu zinazoishia hapo. Lakini si kweli, au ni nusu tu ya kweli.

Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Habari zilipotufikia, sisi watu wa Cuban tulishangilia. Tulisema amekwisha. Tulisema mti ukitolewa kwenye udongo wake hukauka. Tulisema hayo kabla hajatoa hata wimbo mmoja na bendi yake mpya. Nilikuwa mwalimu niliyeanza kazi, nina cheti kinachosema kwamba naweza kupima kazi za watoto kwa haki, nami nilimpa mtu sifuri kabla hajaandika. Nyimbo zilipokuja, zilipendwa Tanzania na Kenya, naye akabaki juu mpaka alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyesema, "Nilikosea." Tulianza tu kuzicheza.

Kwa hiyo wajukuu wangu hawakuanzisha ugonjwa huu. Wameurithi.

Lipo na shutuma jingine ambalo wazee hulitoa, nalo linahusu albamu zenyewe. Diamond alipotoa A Boy from Tandale mwaka 2018, nilisikia watu wa rika langu wakisema kwamba hiyo si albamu bali ni kapu, kwa sababu nyimbo kadhaa zilizomo, kama vile Marry You na Hallelujah, zilikuwa zimekwisha kusikika. Only One King nayo ilikuja na Ndombolo na Salute, ambazo watu walikuwa wamezichoka kuzicheza. Shutuma hilo lina uzito. Albamu iliyotungwa kwa pamoja ina mwanzo, kati na mwisho, kama tamthiliya; kapu halina. Lakini tujiulize, sisi tulikuwa na nini? Bendi zetu zilitoa wimbo mmojammoja. Santuri kubwa za Mbaraka ambazo wengi wanazikumbuka, ule mfululizo wa Ukumbusho, zilikusanya nyimbo zake baada ya yeye kufa. Nazo ni kapu, na tunazipenda. Kosa la albamu za leo, kwa maoni yangu, haliko kwenye kukusanya. Liko kwenye kutangazwa kwa muda mrefu kuliko zinavyosikilizwa. Inatoka usiku, asubuhi watu wanahesabu watazamaji, na wiki ya pili wanauliza nyingine itatoka lini. Wimbo wa saba au wa kumi, ambao pengine ndio uliomkesha mtunzi, haupati mtu wa kubishana juu yake.

Nina deni moja nisiloweza kulilipa, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Siku moja nilimkamata mvulana wa darasa la saba ana daftari la hesabu ambalo nusu yake imejaa nyimbo mpya za Mlimani Park na Juwata. Mtihani ulikuwa karibu. Nililichana daftari lile mbele ya mstari wa asubuhi, watoto wote wakitazama. Jioni, nilipokuwa nikikusanya vipande kwenye kapu la takataka, nilisoma.

Mtoto yule alikuwa akinakili nyimbo kutoka redioni. Nyumbani hawakuwa na kinasa sauti, kwa hiyo kila wimbo uliporushwa aliwahi mistari miwili au mitatu, akasubiri urushwe tena siku nyingine. Pale ambapo hakusikia sawasawa hakubuni neno. Aliacha nafasi wazi, akaandika pembeni kwa penseli: "bado." Wimbo mmoja ulikuwa na "bado" nne. Mbili zilikuwa zimefutwa na kujazwa kwa kalamu.

Katika miaka yangu yote ya ualimu nilifundisha ufahamu, muhtasari na insha, na sikupata kumfundisha mtu yeyote kuandika "bado." Yule alijifundisha mwenyewe, nami nikamwadhibu kwa hilo. Alimaliza shule, familia yake ikahama, sikumwona tena.

Albamu ile ilipotoka, wajukuu waliniletea simu na kuniuliza ni nani aliyeshinda. Tulisikiliza nyimbo tano, kisha umeme wa simu ukaisha. Waliendelea kunibana niseme neno.

Niliwaambia: bado.