Fani Inayooza: Udongo, Nguo na Mmea katika Sanaa ya Usimikaji

Mhakiki wa fasihi amezoea kutenganisha fani na maudhui, kana kwamba moja ni mtungi na jingine ni maji. Mazoea hayo hutatizwa na sanaa ya usimikaji, yaani ile inayotandazwa katika chumba kizima ili hadhira iingie ndani yake, hasa inapoundwa kwa udongo, mimea hai na nguo zinazooza. Hapa mtungi wenyewe huchipuka majani. Suala linalozuka ni hili: je, kitu kinachoota na kuoza chaweza kujisemea chenyewe, pasipo neno la mwanadamu?

Mwaka 1977 Walter De Maria alijaza ukumbi wa ghorofani mjini New York udongo wa kina cha sentimita 56, uzito wake ukikaribia tani 127. Kazi hiyo, The New York Earth Room, ingalipo hadi leo. Udongo hunyunyiziwa maji na kusawazishwa kwa reki, na chochote kinachochipuka hung'olewa. Ukimya wake una utukufu, lakini ni utukufu wa ardhi iliyonyimwa kazi yake ya asili.

Martin Margiela, mbunifu wa mavazi kutoka Ubelgiji, alipiga hatua zaidi mjini Rotterdam mwaka 1997. Katika makumbusho ya Boijmans Van Beuningen, mavazi yake 18 yalipakwa bakteria, hamira na kuvu, yakawekwa nje ya ukuta wa kioo, hadhira ikiyatazama kutoka ndani. Msanii alikubali mkono wake usaidiwe na uozo. Hata hivyo, kilichovunda ni mavazi yake mwenyewe, na maudhui hayakuvuka sana mipaka ya mitindo.

Mipaka hiyo imevukwa na Precious Okoyomon, mshairi na msanii wa Marekani mwenye asili ya Nigeria. Katika Earthseed, mjini Frankfurt mwaka 2020, na katika To See the Earth before the End of the World, mjini Venice mwaka 2022, aliotesha kudzu kwenye udongo na kusimamisha humo sanamu za sufu na nyuzi, vitu ambavyo navyo hurejea udongoni. Kudzu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, ulitoka Japani ukafika Marekani mwaka 1876. Katika miaka ya 1930 serikali ilihimiza upandwe kusini mwa nchi ili kuzuia mmomonyoko, kwa kuwa ardhi ilikuwa imechoshwa na kilimo cha pamba, kilimo kilichokuzwa kwa jasho la watumwa. Ulipotapakaa, ukaitwa adui. Aliyeletwa kufanya kazi akalaumiwa kwa kustawi! Hapa maudhui hayakumiminwa ndani ya fani, yamo mzizini.

Lakini jani halisimulii habari za mwaka 1876. Mtazamaji asiyeijua historia hii huona bustani tu, kama mgeni wa lugha anayesikia methali: maneno huyapata, maana ikamponyoka. Isitoshe, jina la kazi ya Venice limetokana na shairi la Ed Roberson, na Earthseed limetokana na riwaya za Octavia Butler. Neno, basi, lilitangulia mbegu. Wanaosifu sanaa hii kwamba ndani yake maumbile hujisemea yenyewe wamepunguza thamani yake, maana wamemwondoa mshairi katika shamba alilolilima.

Wala haifai kuihukumu kazi kama hii kwa siku ya ufunguzi. Kama ngano inayotambwa, kila siku yake ni utendaji mwingine, na hakuna siku moja iliyo kazi nzima. Tofauti ni kwamba ngano humngoja fanani mwingine, ilhali maonyesho ya Venice yalifungwa Novemba 2022. Tena kudzu ni mmea ambao Umoja wa Ulaya uliuorodhesha mwaka 2016 miongoni mwa mimea vamizi; uhuru wake katika ukumbi ni uhuru wa kuazima. Kwa hiyo uhakiki hauna budi kuuliza mambo mawili: mmea huu umeletwa na nani, na nani hushika panga maonyesho yanapokwisha?